Biti za Keke kwenye Drili ya Umeme

Karakana nyingi za useremala leo zina drili ya umeme juu ya meza na bunda la biti za zamani chini yake. Nyingine zilirithiwa kwa mzee aliyestaafu, nyingine zimenunuliwa kwa wauza vyuma chakavu, nyingine zimefika katika makasha ya vifaa vilivyotumika. Shirika la Tools for Self Reliance la Uingereza, kwa mfano, limefanya kazi ya kukusanya vifaa vya mkono vilivyoachwa huko, kuvitengeneza upya na kuvileta Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Ni biti ndefu zilizosokotwa, zenye skurubu ndogo nchani na mkia wa pembe nne. Zilifanywa kwa ajili ya keke ya mkono, ile yenye mpini uliopinda ambao fundi huuzungusha huku kichwa cha keke amekiegemeza kifuani. Chuma chake ni kizuri kuliko cha biti nyingi za bei rahisi zilizojaa madukani sasa, na fundi akizishika hujiuliza: nikizifunga kwenye drili, si zitatoboa?

Baadhi zitatoboa, kwa masharti nitakayoyaeleza. Ila biti iliyo nzima, yenye skurubu kali na makali yaliyokamilika, ningekusihi uiache kwenye keke yake. Inayofaa kuhamia kwenye drili ni ile ambayo keke imeshaikataa. Kwa nini iwe hivyo, hilo ndilo la kulielewa kabla ya kushika msumeno wa chuma.

Wengi huanza na mkia kwa sababu ndio unaogoma kuingia kwenye mdomo wa drili. Mkia ni tatizo dogo. Tatizo kubwa liko upande wa pili, kwenye ile skurubu ya nchani, na mtu anaweza kuumaliza mkia kwa ustadi kabisa kisha akaumia kifundo cha mkono kwenye tundu la kwanza.

Itazame skurubu hiyo kwa karibu. Haikuwekwa pale ili kuonyesha katikati tu. Inauma mbao na kuivuta biti ndani, ili mwenye keke asihangaike kusukuma. Yeye anazungusha na kuiweka sawa, basi. Kila mzunguko mmoja biti huingia kwa kiasi kile kile ambacho nyuzi za skurubu zimeachana. Tuseme ni milimita 2.5. Anayezungusha keke mara moja kila sekunde atapita mbao ya milimita 50 kwa sekunde 20, na katika sekunde hizo atahisi kila kitu: fundo la mbao, maranda yaliyojaa, nyuzi zilizogeuka. Mkono ukizidiwa, unasimama wenyewe. Sasa chukua biti hiyo hiyo uifunge kwenye drili inayozunguka mara 1,000 kwa dakika. Mbao ile ile inamalizwa kwa sekunde moja na kidogo. Na drili nyingi zinazochomekwa ukutani hupita mizunguko 2,500 kwa dakika kitufe kikibanwa mpaka mwisho.

Kasi yenyewe ingevumilika kama ungeweza kuipunguza kwa kulegeza mkono. Huwezi. Biti ya kawaida ya drili haina skurubu, kwa hiyo ukiacha kuisukuma inaacha kula. Hii ya keke haingoji usukume. Ukiiachia inaendelea kuzama, na kadiri inavyozama ndivyo makali yanavyobanwa kukata unene ule ule kila mzunguko hata mahali mbao ilipokaza. Ni baiskeli inayoteremka mlima bila breki. Mwisho wake huwa mmoja kati ya mitatu: skurubu inakatika na kubaki ndani ya mbao, mbao inapasuka, au biti inakwama na drili ndiyo inayozunguka.

Hilo la tatu ndilo la kuogopwa zaidi, na tulipime kwa namba. Keke ya kawaida yenye mzunguko wa inchi 10 huuweka mkono wako sentimita 12.7 kutoka katikati. Ukiisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 15, unapata nguvu ya mzunguko ya nyutonimita 19 hivi. Drili ya betri ya kawaida ya fundi hutoa 40 hadi 60, na drili kubwa yenye gia nzito hutoa zaidi. Biti ikikwama ghafla, nguvu hiyo inarudi kwenye mpini. Nyutonimita 40 kwenye mpini ulioshikwa sentimita 15 kutoka katikati ni sawa na mzigo wa kilo 27 unaokipiga kiganja kwa ghafla, ukitokea upande usioutarajia. Upande huo unajulikana: ukiwa nyuma ya drili inayozunguka kwenda mbele, mpini wa chini hukimbilia kulia kwako. Aliyesimama juu ya ngazi akitoboa boriti hana cha kuegemea, na huko ndiko ajali mbaya hutokea.

Lawama haiko kwa biti. Russell Jennings wa Marekani alipata hataza ya biti yake ya msokoto pacha mwaka 1855. Mdomo wa taya tatu tunaoufunga kwa ufunguo, ulio kwenye drili zetu, ni wa Arthur Jacobs, naye alipata hataza yake mwaka 1902. Drili ya umeme yenye mshiko wa bastola na kitufe cha kubana kwa kidole ilikuja baadaye zaidi; hataza ya Black & Decker ni ya mwaka 1917. Waliobuni biti hizi walipima hatua ya skurubu, urefu wa visu vya pembeni na upana wa makali kwa kufuata bega la mtu. Walifanya hesabu yao vizuri, na ndiyo maana zinatoboa vizuri mno zikiwa mahali pake.

Mkia nao ulifanywa kwa keke. Ni wa pembe nne, mpana karibu na shingo, ukipungua kuelekea mwisho, na taya mbili za keke zina mifereji inayoukumbatia kwenye pembe zake. Mdomo wa drili una taya tatu zilizonyooka. Taya tatu haziwezi kushika pande nne kwa usawa, na kwa kuwa mkia unapungua, taya hugusa pale penye upana tu. Sehemu nyingine yote inaning'inia hewani. Unaweza kukaza ufunguo mpaka ukadhani umefunga, lakini ukiwasha utaona ncha inachora duara. Ukiendelea hivyo, tundu litakuwa pana kuliko biti na taya zitakwaruzika. Mdomo wa drili ulioharibika ni ghali kuliko biti yoyote iliyomo kwenye bunda lako. Usiifunge biti ya pembe nne kwenye taya tatu, hata kwa tundu moja la haraka.

Njia ambayo mafundi wengi huifuata ni kuukata mkia. Msumeno wa chuma unapita shingoni, chini kidogo ya mabega ya pembe nne, na kinachobaki ni ufito wa mviringo ambao taya tatu huushika bila shida. Inawezekana kwa sababu kwa kawaida biti hizi zilikazwa kwa moto upande wa makali, huku shingo ikiachwa laini. Jaribu kwanza kwa tupa: ikiuma shingo, msumeno nao utauma, ikiteleza, achana nayo. Funga biti kwenye jiriwa kati ya vipande viwili vya mbao ili msokoto usipate alama, kata taratibu, kisha lainisha ukingo uliokatwa ili usikwaruze taya. Ufito laini huweza kuteleza ndani ya mdomo wa drili nguvu ikiwa kubwa, kwa hiyo chonga kwa tupa bapa tatu ndogo zilizoachana sawasawa kuuzunguka, kila moja ipate taya yake. Ukitumia grenda badala ya msumeno, chovya kwenye maji kila baada ya muda mfupi na usiiruhusu ipate joto mpaka ibadilike rangi karibu na msokoto. Chuma kilichogeuka bluu kwenye makali kimeshapoteza ugumu wake, na hakitakaa na makali tena.

Kabla hujakata, hata hivyo, chunguza mambo mawili. La kwanza ni unyoofu. Ilaze biti juu ya kioo au bamba bapa uizungushe kwa kidole, ikiruka-ruka, imepinda. Keke husamehe upindo mdogo kwa sababu huzunguka polepole. Drili haisamehe. Upindo mdogo unaweza kuunyoosha kwa kuigonga biti kwa nyundo ya mbao juu ya gogo, kidogo kidogo, ukiirudisha kwenye kioo kila mara. La pili ni namba iliyopigwa kwenye mkia wenyewe, kwa sababu ukiukata unaitupa. Biti za Marekani, na nyingi za Uingereza, hupigwa namba inayohesabu sehemu za 16 za inchi. Namba 8 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7; namba 10 ni karibu milimita 16; namba 12 ni robo tatu ya inchi, milimita 19; namba 16 ni inchi kamili. Seti ya kawaida huanzia 4 na kuishia 16, biti 13. Ukimaliza kukata, andika kipimo kwenye shingo kwa rangi.

Na ukiwa na seti hiyo ya biti 13 kamili, zenye jina la Jennings, Irwin au Ridgway wa Sheffield na skurubu zake zote ni kali, tafadhali usiikate hata moja. Nalisema hili kwa moyo wote. Mkia ukishaondoka keke haiwezi kuishika tena, na utakuwa umeharibu kifaa kizuri ili upate biti ya drili ya wastani. Duka la vifaa vya ujenzi lina biti mpya za msokoto zenye mkia wa pembe sita, zilizofanywa kwa drili tangu mwanzo, na zipo biti bapa za bei ndogo zinazotoboa milimita 16 au 20 vizuri kabisa kwenye mbao laini. Nunua hizo. Wapo pia wanaouza kishikio kinachopokea mkia wa pembe nne upande mmoja na kufungwa kwenye drili upande mwingine. Kikiwa kimenyooka sawasawa kinasaidia, na mkia wako unabaki salama. Fundi wa lethi anaweza kukuchongea, ila mwambie wazi kwamba tundu la mraba lazima liwe katikati kabisa na linyooke. Likiinama nusu milimita tu pale, linafanya duara kubwa kwenye ncha iliyo sentimita 20 mbele.

Katika bunda lolote la biti za zamani kuna zile ambazo skurubu zake zimekwisha: nyuzi zimelika kwa kutu, au ncha imevunjika kwa kugonga msumari. Ukiifunga biti ya namna hiyo kwenye keke, inazunguka tu juu ya mbao na kukwangua, haivuti, na mkono wa mtu hauna nguvu ya kuisukuma na kuizungusha kwa pamoja siku nzima. Kwa keke imekufa. Kwa drili ndiyo kwanza imezaliwa, kwa sababu kile kinachoifanya iwe hatari kwenye mashine kimeondoka.

Ikamilishe kazi ambayo kutu imeianza. Chukua tupa ndogo ya pembe tatu, laini, uondoe nyuzi zilizobaki mpaka ncha iwe piramidi fupi ya pande tatu, laini, isiyovuta. Iache ndefu kidogo kuliko visu vya pembeni, maana ndiyo itakayoingia kwanza kushika katikati. Tazama ukiwa juu yake na uizungushe polepole: ncha isitembee. Ikitembea upande mmoja, punguza upande wa pili. Ni kazi ndogo inayotaka subira, na ikiisha una biti inayoingia pale tu unapoisukuma na kusimama unapolegeza. Udhibiti umerudi mkononi mwako. Baadhi ya watu huondoa nyuzi hizi hata kwenye biti nzima ili waitumie kwenye drili. Mimi nisingefanya hivyo, ila naelewa kwa nini mtu mwenye biti moja tu ya kipimo anachokihitaji angefanya.

Yapo pia mambo ya drili yenyewe. Tumia drili ya betri yenye gia mbili na uiweke gia ya 1, ambayo kwa kawaida haipiti mizunguko 400 au 500 kwa dakika, nawe uibane kidogo hata chini ya hapo. Kama drili yako ni ya kuchomekwa ukutani na haina gia ya polepole, usiitumie kwa biti hizi. Zima mpigo wa nyundo. Drili nyingi zilizopo kwa mafundi wetu ni zile za kutoboa kuta, na ile swichi ya nyundo husahaulika mara kwa mara. Visu vya pembeni vya biti ya msokoto havistahimili kupigwa. Drili ya kukazia skurubu, ile inayogonga inapokaza, isiguse kabisa biti hizi za zamani. Fungua klachi ianze kwenye namba ya chini, halafu uipandishe kadiri mbao inavyodai, ili biti ikikwama klachi iteleze kabla ya mkono wako. Vaa miwani. Glovu za kitambaa vua, kwa maana biti yenye visu huzishika na kuzisokota pamoja na kidole.

Na funga mbao. Kipande kisichobanwa kikishikwa na biti huzunguka nayo, na meza ya seremala ni nyembamba. Kama drili ina mkono wa pembeni, uweke upande wa kushoto. Drili ikikataa, mkono huo utakwenda chini, kwa hiyo ukiwa na ubao au ukingo wa meza chini yake utagonga hapo na kusimama, nawe hutahitaji kushindana nayo kwa mfupa.

Chukua kazi ya kutobolea kitasa cha mlango, kwa sababu inaonyesha mambo mengi pamoja. Unatoboa ukingo wa mlango wa mninga au mkongo, kina cha sentimita 8 au 10, matundu kadhaa yanayofuatana, ili baadaye uyasawazishe kwa patasi na kitasa kiingie. Mbao ni ngumu, ukingo ni mwembamba, na tundu likipinda kidogo tu linatokeza upande wa uso wa mlango ambao mteja ameuona tayari. Biti iliyovuliwa nyuzi, kwenye gia ya polepole, inaifanya kazi hii vizuri. Weka mlango wima umebanwa, toboa tundu dogo la kuongoza kwanza, kisha ingia na biti kubwa ukiitoa kila baada ya sentimita 2 hivi ili maranda yatoke. Msokoto wa zamani una nafasi kubwa ya kubeba maranda, lakini kwenye mbao ngumu yakishikana ndani ya tundu refu yanabana kama kabari, na hapo ndipo biti hukwama. Usingoje moshi. Mbao ikianza kunuka kuungua, makali yamekwisha au maranda yamejaa, na kusukuma zaidi hakutasaidia.

Acha nafasi kati ya tundu na tundu. Biti ya msokoto inataka mbao pande zote. Ukitoboa tundu linalokata nusu ya lile lililotangulia, ncha haina cha kushika katikati na itateleza kuingia kwenye uwazi. Toboa la kwanza, ruka, toboa la tatu, kisha mbao iliyobaki katikati iondoe kwa patasi.

Kwa tundu linalopita upande wa pili, kama la bolti ya boriti au mguu wa kitanda, njia ya wazee bado ndiyo nzuri kuliko zote: toboa mpaka ncha ichungulie upande wa pili, simama, geuza mbao, weka ncha kwenye kitundu kile na umalizie kutoka huko. Pande zote mbili zitakuwa safi. Kama huwezi kugeuza, bana kipande cha mbao mbovu nyuma. Kwa drili hili ni la lazima zaidi kuliko kwa keke, kwa sababu biti ya kasi ikitokeza huchana nyuzi za mbao upana wa kidole kabla hujaachia kitufe.

Hakuna hata moja kati ya haya litakalofaa kama biti ni butu, na biti nyingi za zamani zimefika kwetu zikiwa butu. Wengi hawazinoi kwa sababu hawajui zinapokatia. Kila biti ina aina mbili za makali. Visu vya pembeni, vile vijino viwili vinavyosimama ukingoni, huchora duara na kukata nyuzi za mbao. Nyuma yake makali mawili ya katikati huinua kile kilichochorwa na kukitoa kama maranda. Visu lazima vitangulie kidogo; makali ya katikati yakifika kwanza yanang'oa mbao na tundu linakuwa na ukingo uliochanika.

Visu vinolewe kwa ndani tu. Hili ni la kushika kuliko lolote. Upande wa nje wa kisu ndio unaotunza upana wa biti, na ukiupitisha tupa mara chache, visu vinakuwa vyembamba kuliko msokoto ulio nyuma yake. Kuanzia siku hiyo biti itatoboa tundu dogo kisha mwili wake wenyewe ukwame humo. Biti nyingi zilizoharibika zimeharibiwa hivyo, na mtu aliyedhani anazitunza. Kama nje kuna ukwaru ulioachwa na tupa, laza biti kwenye jiwe laini la kunolea na uipitishe kwa wepesi mno, mara moja, ukwaru uondoke basi.

Makali ya katikati hunolewa kwa juu, yaani upande unaoelekea mkia, ukifuata mteremko uliopo. Simamisha biti ncha ikiwa chini juu ya kipande cha mbao, pitisha tupa ndogo ndani ya uwazi wa msokoto, na usiguse skurubu. Upande wa chini, unaoelekea mbao, uache ulivyo. Ukiuinamisha, kisigino cha kali kitagusa mbao kabla ya kali lenyewe na biti itateleza juu bila kukata. Hesabu mapito ya tupa na uyafanye sawa pande zote mbili. Upande mmoja ukibaki juu, upande wa pili utafanya kazi yote, na utauona ukweli huo kwenye maranda: biti iliyonolewa sawa hutoa mafungu mawili ya maranda yanayofanana unene. Mashine ya kunolea yenye jiwe isikaribie kazi hii. Sehemu hizi ni nyembamba, zinapata moto kwa kufumba na kufumbua, na jiwe ni pana kuliko nafasi iliyopo.

Tupa iliyofanywa kwa kazi hii ina ncha mbili: moja haina meno pembeni, nyingine haina meno usoni, ili ukinoa kisu usijeruhi kali lililo jirani. Huku kwetu ni adimu. Tupa ndogo bapa ya fundi wa pikipiki, ambayo ukingo wake mmoja umesuguliwa laini kwa jiwe, inafanya kazi hiyo hiyo.

Zipo biti za keke ambazo hata baada ya haya yote zisipelekwe kwenye drili. Ile inayopanuka, yenye kisu kinachoteleza na kufungwa kwa skurubu ili itoboe vipimo tofauti, ni ya keke peke yake. Uzito wake uko upande mmoja, na kifungo chake kikilegea kwenye kasi kisu kinaweza kuruka. Biti kubwa za inchi moja kwenda juu nazo hudai nguvu ambayo drili ndogo haina na drili kubwa hutoa bila huruma. Hizo zizungushe kwa mkono.

Kuzungusha kwa mkono si adhabu. Kwa tundu la milimita 20 kwenye mbao ya paini, keke yenye biti kali humaliza kazi wakati mwenzako bado anatafuta waya wa kuongezea umeme, na umeme ukikatika katikati ya kazi ya mteja anayesubiri, wewe unaendelea. Mbao ngumu sana kama mkongo itakuchosha zaidi. Hapo toboa kitundu cha kuongoza cha milimita 3 kwa drili, skurubu ipate kushika bila kuchakaza nyuzi, halafu ingia na keke. Kichwa cha mbao, pale nyuzi zinapoishia, nacho ni kigumu kwa skurubu kwa sababu huzitafuna nyuzi za mbao na kuacha kuvuta. Egemea zaidi, zungusha polepole. Na kwa skurubu kubwa za zamani zilizoshikwa na kutu kwenye bawaba za milango, keke iliyofungwa biti ya bisibisi inafungua kile ambacho drili ingekiharibu kichwa, maana unaegemea kwa uzito wa mwili na kuzungusha robo robo.

Kama huna keke, tafuta moja kabla hujakata mkia wa biti ya kwanza. Zinapatikana kwa wauza vifaa vilivyotumika, na mara nyingi muuzaji hajui ni ya nini, kwa hiyo bei haiwi kubwa. Ukiishika, fungua mdomo mpaka mwisho utazame taya: ziwe mbili, na kile kispringi kinachozitanua kiwepo, kwa sababu kisipokuwepo taya hulala upande mmoja na kukusumbua kila ukibadilisha biti. Zungusha kichwa cha keke. Kulegea kidogo si tatizo, lakini kama kinacheza huku na huku, kitakupotezea unyoofu wa tundu. Jaribu racheti pande zote mbili usikie inavyobofya, maana hiyo ndiyo itakayokuwezesha kutoboa kwenye kona ambako mpini hauwezi kuzunguka duara zima. Kutu ya juu juu isikutie hofu. Mafuta ya taa, msasa na jioni moja vinatosha. Halafu toa mfukoni biti uliyokuja nayo, ifunge, ishike keke wima mbele ya macho yako na uizungushe. Ncha ikisimama mahali pamoja, lipa.